Sauti ya Jirani: Lafudhi ya Kuazima na Mtihani wa Meru na Embu

Mnamo Januari 2020 mwigizaji Mmarekani Hank Azaria alitangaza kwamba hatamtolea tena sauti Apu, yule muuza duka Mhindi wa katuni ya The Simpsons, kazi aliyoifanya kwa takriban miaka 30. Azaria ni wa kundi la waigizaji ambao unaweza kupishana nao njiani usiwatambue, ilhali sauti zao unazijua kama za jamaa zako. Katika katuni hiyohiyo yeye ndiye Moe mwenye baa, na ndiye Wiggum mkuu wa polisi. Kilichomtenga na Apu ni hoja iliyopata nguvu kupitia filamu ya mcheshi Hari Kondabolu ya mwaka 2017: mtu asiye Mhindi alikuwa akiwachekesha Wamarekani kwa lafudhi ya Kihindi, na watoto wa wahamiaji ndio waliobebeshwa kicheko hicho shuleni. Kwa Marekani naiona hoja hii kuwa ya haki. Ninachokipinga ni mazoea yanayoanza kuota mizizi katika mijadala yetu ya sanaa, ya kuichukua hukumu hiyo ilivyo na kumpima nayo mwigizaji wa Kenya anayesema kwa lafudhi ya kabila lisilo lake. Kinachoihalalisha sauti ya kuazima ni kina cha usikivu wa mwigizaji, pamoja na uwezo wa aliyeigwa kujibu. Damu haiamui. Na hakuna mahali panapoupima usikivu huo vikali kama Meru na Embu, ambako sikio la Nairobi limezoea kusikia watu wengi kana kwamba ni mtu mmoja.

Nasaba ya waigizaji wa aina hii nchini ni ndefu. Benson Wanjau, aliyefariki Julai 2015, alikuwa Mkikuyu, lakini taifa zima lilimjua kama Mzee Ojwang', Mjaluo wa Vitimbi, akibishana na Mama Kayai wa Mary Khavere kwenye televisheni ya taifa. Hata msiba wake ulipotangazwa, kulikuwa na watazamaji waliopigwa na butwaa kusikia jina lake la kuzaliwa. Davis Mwabili, mtu wa Taita, ndiye aliyetupa Inspekta Mwala, afisa wa polisi mwenye Kiswahili cha Ukambani, kwanza redioni kisha kwenye runinga. Kazungu Matano wa Pwani akawa Otoyo katika kipindi cha Papa Shirandula, kando ya marehemu Charles Bukeko. Hawa hawakuwa masharobaro wa filamu wanaobeba hadithi kwa sura na mapenzi. Walikuwa watu wa pembeni ambao pembe yao ndiyo iliyokumbukwa, na mtaji wao mkubwa ulikuwa koo. Mtaji huo, tuseme wazi, haukuwatajirisha: Wanjau alipoanza kupoteza uwezo wa kuona, wananchi walichangishana kwa ajili ya matibabu ya macho yake.

Ili kuielewa kazi yenyewe, inafaa kuifungua kama fundi anavyofungua injini. Mjaluo anayesema Kiswahili kwa athari ya lugha yake huelekea kutamka s penye sh, ili shida iwe sida. Hilo hata mtoto anaweza kuliiga. Ugumu ni kwamba Mkikuyu naye ana alama yake, kuchanganya l na r, na alama hiyo hujitokeza pale hasa mtu anapohamaki au kuongea kwa kasi, yaani katika zile nyakati ambazo kichekesho huzihitaji. Kwa hiyo Wanjau alikuwa na kazi mbili kwa wakati mmoja: kuweka sauti ya Nyanza, na kuzuia ya kwao isipenye katikati ya makelele. Juu ya hapo kulikuwa na mwendo wa sentensi, mahali pa kuvuta pumzi, majivuno ya mzee anayejua anashindwa hoja lakini hakubali. Mtu anayeita haya mzaha rahisi wa kushrabu, yaani wa kutamka kwa athari ya lugha ya mama, hajasikiliza. Lafudhi peke yake huchekesha kwa dakika mbili. Ojwang' alidumu miongo kwa sababu nyuma ya lafudhi kulikuwa na mtu mwenye tamaa, woga na hila zake.

Tofauti na Marekani inaanzia hapa. Kipindi cha redio cha Amos 'n' Andy, kilichoanza mwaka 1928, kilikuwa na Wazungu wawili, Freeman Gosden na Charles Correll, wakiigiza sauti za watu weusi katika nchi ambayo mtu mweusi hakuwa na kipaza sauti cha kujibia. Aliyeigwa alikuwa chini, na aliyeiga alikuwa na lugha inayohesabiwa kuwa haina lafudhi. Kwenye bara la Kenya, Kiswahili hakijampa kabila lolote kiti hicho cha juu. Kila mtu anakuja nacho akiwa na doa la nyumbani. Angalia mpangilio wa kipindi cha Vioja Mahakamani: mshtakiwa, shahidi, karani na kiongozi wa mashtaka wote wanasema Kiswahili chenye asili, na mahakama inalazimika kuwasikiliza. Mkikuyu anamwiga Mjaluo leo akijua kwamba kesho r yake itapelekwa kizimbani na mwingine. Ujirani huu wa kulipizana ndio uliokosekana kwa Apu, ambaye kwa miaka mingi alikuwa karibu Mhindi pekee aliyeonekana kwenye runinga ya Marekani.

Lakini je, kulipizana huko kunawafikia wote? Hapa ndipo Meru na Embu zinapotuwekea mtihani, na sidhani kwamba sanaa yetu imeupita. Siasa ilikwisha kuwafunga Wakikuyu, Waembu na Wameru katika kifurushi kimoja kupitia GEMA, chama kilichoanzishwa mwaka 1971, na mpaka leo neno Mlima hutumika kana kwamba upande wa mashariki wa Mlima Kenya ni mwangwi tu wa upande wa magharibi. Mwigizaji mvivu huufuata mkondo huo. Akitakiwa kumtoa Mmeru, huchukua lafudhi ya Nyeri, huiongezea hasira, humtia miraa mdomoni, basi. Sasa tuweke sikio karibu zaidi. Mmeru wa Imenti husema muntu pale Mkikuyu na Mwembu wanaposema mundu, na ugumu huo wa nt, nk na nch umeandikwa hata kwenye vibao vya barabara: Nkubu, Ntima, Nchiru. B ya Kimeru haifungi midomo sawasawa, hupita laini kama pumzi. Ukishuka Embu na Mbeere unakutana na v mahali ambapo katika maneno mengi Mkikuyu ana h, na wodi za Mbeere zinalitangaza jambo hilo zenyewe: Evurore, Mavuria. Kati ya pande hizo kuna Wachuka, Wamwimbi, Wamuthambi na Watharaka, na huko kaskazini Watigania na Waigembe, ambao mtu wa sokoni Maua huwatenganisha kabla hawajamaliza salamu. Kumtia Mmeru yeyote miraa mdomoni nako ni uvivu wa aina hiyohiyo. Miraa ni ya Nyambene, kwa Waigembe na Watigania hasa. Zao la Mbeere ni muguka, majani madogo yanayotafunwa bila kuchunwa kijiti. Mei 2024, baadhi ya magavana wa Pwani walipoupiga marufuku muguka, taifa lililazimika kujifunza kwa wiki chache kwamba hizi ni biashara mbili na watu wawili. Wachekeshaji wengi, kwa niliyoyasikia, bado hawajajifunza.

Kutokana na hili mtu anaweza kunigeuzia hoja: ikiwa sikio la mgeni ni butu kiasi hicho, si aachiwe Mmeru ajiseme mwenyewe? Na kweli milango imefunguka. Baada ya mawimbi ya hewa kulegezwa, Wameru walipata Muuga FM na Waembu na Wambeere wakapata Wimwaro FM, na sauti ambazo redio ya taifa ilizipa nafasi finyu sasa zinavuma tangu alfajiri. Kwenye jukwaa la kitaifa Jasper Muthomi, yaani MC Jessy, alisimama katika Churchill Show akiwa Mmeru kutoka Meru, bila kujificha nyuma ya jina la kabila lingine, na umaarufu huo ukambeba hadi kwenye siasa za Imenti Kusini kuelekea uchaguzi wa 2022. Siubezi ushindi huu hata kidogo. Ila nauona kuwa ushindi wa sanaa nyingine. Mchekeshaji wa jukwaani huuza nafsi yake, iliyonolewa. Mwigizaji wa wahusika huuza uwezo wa kuiacha nafsi hiyo. Tukisema kila mtu aigize kwao tu, Muthomi hawezi kuwa Mluhya, na kijana wa Runyenjes mwenye koo kama la Wanjau atabaki Mwembu wa kudumu, akiitwa kwenye majaribio pale tu mhusika Mwembu anapohitajika. Kwa wingi wa tamthilia tulizonazo, hiyo ni ajira ya siku mbili kwa mwaka.

Pingamizi zito zaidi ni la damu iliyomwagika. Baada ya machafuko ya 2007 na 2008, Bunge lilipitisha Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa, na tume iliyotokana nayo imekuwa ikikemea kauli zinazodhalilisha kabila. Wapo wanaoona kwamba kumwiga Mjaluo au Mmeru kwa kicheko ni hatua ya kwanza kwenye njia hiyo mbaya. Nakubali kwamba hasira ya Mmeru, ikirudiwa mara elfu bila sababu ndani ya hadithi, huacha kuwa tabia ya mhusika ikawa tuhuma juu ya watu. Hata hivyo ushahidi wa wakati ule unaelekeza kidole kwingine. Ripoti ya Tume ya Waki, iliyoyachunguza machafuko hayo, ilivitaja baadhi ya vituo vya lugha za mama kuwa vilisaidia kuchochea chuki. Hapo mtu alikuwa akisema na watu wake, kwa sauti yake halisi, kuhusu majirani wasiokuwepo. Vitimbi na Vioja vilifanya kinyume: aliyesemwa alikuwa akitazama, katika lugha anayoielewa, na angeweza kuzima televisheni, kulalamika, au kucheka kwa sababu safari hii wamempata barabara. Kuwepo kwake ndiko kulikomtia mwigizaji adabu. Kwa Mmbeere adabu hiyo imelegea, kwa kuwa ni wachache mno wanaomtambua pindi anapoigwa vibaya.

Kuna tishio jingine ambalo halizungumzwi sana, nalo linatoka upande wa soko la sauti. Tangu TBC ya Tanzania ilipoonyesha Doudou na Mama Wakwe Zake mwaka 2011, tamthilia ya Kichina iliyotiwa sauti za Kiswahili, kazi ya kutoa sauti imekuwa ajira ya kweli Afrika Mashariki, na tamthilia za kigeni zilizofuata njia hiyo zimejaa kwenye ving'amuzi. Kiswahili kinachotakiwa humo ni kimoja, safi, kisicho na kijiji. Mama mkwe wa Beijing, mlinzi wa lango na tajiri wa kampuni wote wanatamka sawasawa, jambo ambalo halipo Beijing wala Nairobi. Mwigizaji kutoka Maua au Siakago anayeingia studio hizo hufundishwa kwanza kuifuta nt yake au v yake, na hakuna anayemwuliza ni sauti ngapi nyingine anaziweza. Watayarishaji hudai kwamba lafudhi za hapa zingemfanya Mchina achekeshe. Hofu hiyo ina msingi katika tamthilia ya huzuni, lakini haielezi kwa nini mlinzi wa lango asisikike tofauti na bosi wake, wakati tofauti hiyo ndiyo iliyomo kwenye hadithi yenyewe. Mtayarishaji angeweza kuanza na mlinzi huyo: ampe kijana wa Embu aliyewahi kukaa Kisumu na Machakos, amwache achague, kisha asikilize kama bado anamhitaji mtu wa sauti safi kwa nafasi ya tajiri.