Kofia ya Kasisi wa Sophiatown

Sisi tunaohudumu katika sharika za milimani tunalijua swali hili: mshirika aliyeshuka kutafuta kibarua tumfuateje? Hapa Ngujini nyumba nyingi zina mtu aliyeshuka, kwenda mkonge wa Kisangara, migodi ya Mirerani au Dar es Salaam. Akirudi Krismasi hukaa benchi la nyuma, kwa kuwa hana cha kutia katika bahasha ya ahadi. Tukilitafakari jambo hili tunamkumbuka kasisi mmoja wa Kianglikana ambaye baadaye alikuwa askofu katika nchi yetu, huko Masasi.

Trevor Huddleston alizaliwa Uingereza mwaka 1913, akawa mtawa wa Jumuiya ya Ufufuo. Mwaka 1943 alitumwa Afrika Kusini kuwa kasisi wa Sophiatown, kitongoji cha Johannesburg. Waumini wake walikuwa vibarua wa viwandani, wafua nguo, wapishi na yaya katika nyumba za Wazungu. Familia kadhaa zilipanga vyumba katika ua mmoja na kuchota maji bomba moja. Hata hivyo Sophiatown ilikuwa na heshima yake: Mwafrika aliweza kumiliki kiwanja kwa hati. Hilo ndilo lililowaudhi watawala.

Siku moja kasisi huyu alipita mbele ya mama mmoja Mwafrika, mfanyakazi wa kawaida, akavua kofia kumsalimu. Mtoto wa mama huyo alikuwa amesimama pembeni. Hakuwahi kuona Mzungu akimpa mwanamke mweusi heshima ya namna ile. Baadaye mtoto huyo aliugua kifua kikuu, akalazwa zaidi ya mwaka mmoja na nusu, na Huddleston alikuwa akienda kumtazama karibu kila wiki. Jina la mtoto huyo ni Desmond Tutu. Alikuja kuwa Askofu Mkuu wa Cape Town, na mwaka 1984 alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Hata uzeeni aliendelea kusimulia habari ya kofia ile.

Huddleston hakuishia kwenye salamu. Alihangaikia chakula cha watoto waliokwenda shule na njaa. Kijana mtundu wa shule ya Mtakatifu Petro, Hugh Masekela, alimwambia kuwa akipata tarumbeta atatulia. Kasisi akamtafutia, na kijana akawa mwanamuziki anayejulikana duniani kote. Serikali ilipoleta sheria ya elimu duni kwa Waafrika, Huddleston na wenzake waliamua kuifunga shule hiyo kuliko kuikabidhi itumike kuwafundisha watoto utumwa.

Kisha ikaja tarehe 9 Februari 1955. Polisi wapatao 2,000 wenye silaha waliingia Sophiatown alfajiri, mvua ikinyesha. Familia zilipakiwa kwenye malori pamoja na vitanda na masufuria, zikapelekwa Meadowlands. Kasisi alikuwapo mitaani pamoja nao, lakini hakuweza kulizuia hata lori moja. Nyumba zilibomolewa, na mahali pale pakajengwa makazi ya Wazungu. Mwaka uliofuata yeye mwenyewe aliondoka nchini, kwa kuwa wakuu wa shirika lake walimwita arudi Uingereza. Alikuwa ameapa utii, akatii, ingawa moyo wake ulibaki kule.

Mwaka 1960 akawa Askofu wa Masasi, akawatumikia wakulima wa kusini hadi 1968, kisha akapelekwa Stepney, mashariki ya London, kwa wafanyakazi na wahamiaji. Alifariki mwaka 1998. Majivu yake yalirudishwa Sophiatown, yakazikwa kwenye kanisa la Kristo Mfalme alilohudumu.

Tukihesabu kwa hesabu za dunia, kasisi huyu alishindwa: shule ilifungwa, nyumba zilibomolewa, waumini wakatawanywa. Lakini watu wale, waliozoea kuitwa kwa jina la kazi zao tu, walikuwa wameonja kuheshimiwa na mchungaji wao. Hilo halikupakiwa kwenye lori.

Hapa tunapaswa kuungama. Katika usharika mmoja tuliowahi kuhudumu, tulisoma mbele ya ibada majina ya wasiotimiza ahadi. Baba mmoja, kibarua wa shambani, hakurudi tena kanisani. Baadaye tulikuja kusikia kwamba mshahara wake wote ulikuwa ukiishia kwenye matibabu ya mkewe. Tulikuwa tunajua deni lake. Nyumbani kwake hatukuwa tumefika hata mara moja. Ezekieli 34 inawakemea wachungaji wasiomtafuta kondoo aliyepotea. Inatuhusu.

Wazee wa kanisa, mkikaa kupanga mwaka, andikeni orodha ya washirika walioshuka. Pembeni ya kila jina msiandike kiasi anachodaiwa. Andikeni anaishi wapi, anafanya kazi gani, na nani amemtembelea au kumpigia simu. Naye atakapopanda Krismasi hii akiwa na mikono mitupu, mmoja wetu atoke mlangoni, avue kofia, amwamkie, na kumkaribisha benchi la mbele.