Kingo za Mto Nairobi: Uwanja wa umma ambao Eastlands iliupa kisogo

MTO Nairobi huanzia katika kinamasi cha Ondiri, karibu na mji wa Kikuyu. Baada ya kupita kando ya katikati ya jiji, huingia Eastlands kupitia soko la Gikomba, hukatiza Kamukunji na pembezoni mwa Eastleigh, kisha huelekea Kariobangi, Korogocho na Dandora. Njiani hupokea Mto Mathare, na huko Njiru hukutana na Mto Ngong kabla ya kumwaga maji yake katika Mto Athi. Maji hayo hayo, yakiitwa Galana na hatimaye Sabaki, huingia Bahari Hindi karibu na Malindi.

Jiji lenyewe lilipata jina kutokana na maji. Wamaasai walipaita mahali hapa Enkare Nairobi, yaani maji baridi. Hata hivyo, mkazi wa Eastlands anayetaka kutembea na wanawe jioni kando ya maji hayo hana pengi pa kupita. Nyumba nyingi zimeupa mto kisogo, na kingo zake kwa sehemu kubwa zimekuwa jaa la taka, karakana au vibanda.

Kisheria, hali haikupaswa kuwa hivyo. Kifungu cha 62 cha Katiba ya mwaka 2010 kinaitaja mito kuwa ardhi ya umma, na kifungu cha 42 kinampa kila mtu haki ya kuishi katika mazingira safi. Nazo kanuni za usimamizi wa maji za mwaka 2007 ziliweka ukanda wa hifadhi wa kati ya mita 6 na mita 30 kila upande wa mto, kutegemea upana wake. Hata pale ukanda huo unapoangukia katika ploti ya mtu, matumizi yake yanadhibitiwa.

Mitaa ilivyojengwa

Mitaa ya Eastlands ilijengwa kwa vipindi. Pumwani ilianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, ikafuatwa na Shauri Moyo katika miaka ya 1930 na Kaloleni katika miaka ya 1940. Kaloleni ilichorwa kwa kuiga miji-bustani ya Uingereza: nyumba za mawe zenye uwanja wa nyasi, na ukumbi wa kijamii katikati. Buruburu ilijengwa kwa awamu tano kuanzia miaka ya 1970, wakati ambapo Dandora nayo ilikuwa ikigawanywa katika viwanja 6,000 kwa mkopo wa Benki ya Dunia.

Katika mipango hiyo yote, uwanja wa watu kukutana uliwekwa ndani ya mtaa, baina ya nyumba na nyumba. Mto uliachwa nyuma, uchukue maji ya mvua na kila kilichotupwa.

Mfano mkubwa ni jaa la Dandora, lililofunguliwa mwaka 1975 karibu kabisa na mto. Jaa hilo lilitangazwa kuwa limejaa mwaka 2001, lakini magari ya taka hayakuacha kumwaga humo. Utafiti uliotolewa mwaka 2007 na Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira (UNEP) ulipima watoto 328 wanaoishi na kusoma karibu na jaa. Nusu yao walipatikana na madini ya risasi katika damu kupita kiwango kilichokubaliwa kimataifa wakati huo.

Nafasi zilizokuwa ndani ya mitaa nazo hazikusalimika. Tume iliyoongozwa na wakili Paul Ndung'u ilieleza katika ripoti yake ya mwaka 2004 jinsi ardhi ya umma kote nchini ilivyogawiwa watu binafsi kinyume cha sheria. Kadiri viwanja vya michezo na bustani zilivyopungua, ndivyo ukingo wa mto ulivyozidi kuwa nafasi ya mwisho iliyosalia wazi.

Umuhimu wa nafasi kama hiyo si wa burudani pekee. Uwanja wa Kamukunji, ulio karibu na mto huo, ndio uliochaguliwa na wanasiasa Kenneth Matiba na Charles Rubia kwa mkutano wa kudai mfumo wa vyama vingi mnamo Julai 7, 1990. Wawili hao walizuiliwa kabla ya siku hiyo na mkutano ukapigwa marufuku, lakini umati ulifika, na siku ya Saba Saba ikaingia katika historia.

Wengine walivyofanya

Miji mingine imeyageuza maji kuwa fahari yake. Doha, mji mkuu wa Qatar, uko jangwani na hauna mto. Hata hivyo ulifukia sehemu ya bahari na kujenga njia ya matembezi ya takribani kilomita 7 inayozunguka ghuba. Nchini humo majitaka husafishwa na kutumiwa kunyweshea nyasi na miti ya mjini. Eastlands ina mto uliojileta wenyewe, lakini majitaka mengi huingia humo yakiwa ghafi.

Karibu zaidi, bustani ya Forodhani mjini Zanzibar ilifunguliwa upya mwaka 2009 baada ya ukarabati, na uwanja wa Mama Ngina mjini Mombasa mwaka 2019. Umaarufu wa sehemu hizo haukuletwa na mawe na taa pekee. Forodhani hujulikana kwa wauza vyakula wa usiku, na Mama Ngina kwa madafu na mihogo. Njia ya matembezi isiyo na mchuuzi, mtoto wala mzee wa kuketi huwa barabara tu.

Korogocho na Dandora

Eastlands kwenyewe kuna mfano. Mwaka 2017 vijana wa Korogocho, baadhi yao wakiwa wameacha uhalifu, waliunda kundi la Komb Green Solutions. Waliondoa taka ukingoni, wakapanda miti na kutengeneza bustani waliyoiita People's Park. Watoto walipata pa kuchezea mahali ambapo awali watu waliogopa kupita.

Huko Dandora, Dandora Transformation League iliwahamasisha vijana kusafisha na kupaka rangi nyua zilizo baina ya nyumba. Wakazi walichanga pesa kidogo za kuzitunza. Siri ya kazi zote mbili ni moja: anayefagia ndiye anayeishi hapo, na asipofagia, ni mlango wake unaojaa taka.

Mafuriko na mradi mpya

Mvua ya masika ya mwaka 2024 ilibadilisha mjadala. Zaidi ya watu 200 walifariki kote nchini kutokana na mafuriko, na mitaa ya kando ya mito kama Mathare na Mukuru iliathirika vibaya. Serikali iliamuru wakazi waondoke katika ukanda wa mita 30, ikabomoa nyumba na kuahidi Sh10,000 kwa kila familia ili itafute makao kwingine. Wengi walikuwa wameishi hapo kwa miaka mingi, na kiasi hicho hakikutosha kuanza maisha upya.

Mnamo Machi 2025 Rais William Ruto alizindua mpango wa kufufua mto huo kwa urefu wa takribani kilomita 27, kuanzia Barabara ya Naivasha hadi Ruai, kwa makadirio ya Sh50 bilioni. Mpango huo unahusu mabomba makuu ya majitaka, njia za watembea kwa miguu na za baiskeli, bustani na nyumba.

Si mara ya kwanza kwa mto huu kuahidiwa usafi. UNEP ilianzisha mpango wake mwaka 1999, na John Michuki aliongoza juhudi nyingine alipokuwa Waziri wa Mazingira kuanzia mwaka 2008. Kila mara kazi ilipolegea, taka zilirudi, kwa kuwa chanzo chake hakikuzibwa. Mtaa usio na mabomba ya majitaka wala gari la taka hauna pengine pa kupeleka uchafu ila mtoni.

Kwa hiyo mafanikio ya mradi huu hayatapimwa kwa urefu wa njia pekee. Yatapimwa kwa mambo mawili: iwapo majitaka yatakoma kuingia mtoni, na iwapo aliyebomolewa nyumba Mathare au anayeuza nguo Gikomba ataruhusiwa kuketi ukingoni bila kufukuzwa. Sheria tayari imeuweka mto huo mikononi mwa umma. Kilichobaki ni umma wenyewe kupata njia ya kuufikia.