Maziwa ya moto ya Mpemba na mwezi wa barafu

Zohali, ile sayari yenye pete, ina mwezi mdogo unaoitwa Enceladus, na juu ya mwezi huo kuna shimo linaitwa Sindbad. Jingine ni Aladdin, jingine Ali Baba, na wapo Shahrazad na mdogo wake Dunyazad. Upande wa kusini kuna nyufa nne ndefu: Baghdad, Damascus, Cairo na Alexandria. Sio utani. Wanaastronomia walikubaliana kwamba majina ya Enceladus yatoke kwenye Alfu Lela Ulela, kitabu ambacho wengi wetu tulikutana nacho kwa Kiswahili kabla hatujajua kwamba Zohali ni sayari na si mambo ya wapiga bao tu.

Nilisoma habari hizo nikiwa Iringa, mwezi wa saba, nimejifunika mablanketi mawili katika chumba cha gesti. Mimi ni mtu wa Mbeya, baridi hainitishi. Nimeona jalidi asubuhi juu ya majani kule Kitulo, nyeupe kama mtu kamwaga chumvi. Lakini Enceladus, hata saa sita mchana, ni karibu nyuzi joto 200 chini ya sifuri. Upana wake ni kilometa 500 na kitu, yaani ukitoka Iringa kwa basi mpaka Dar es Salaam umemaliza mwezi mzima, kutoka upande mmoja hadi wa pili. Na chini ya barafu ya kitu hicho kidogo kuna bahari.

Kesho yake shughuli za kazi zilinipitisha Mkwawa. Leo ni chuo kikuu kishiriki cha elimu, sehemu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam tangu 2005. Zamani ilikuwa sekondari, na kuna kisa cha barafu kilichopita hapo ambacho tangu siku ile siwezi kukitenganisha na Enceladus.

Kisa kinaanzia mbali kidogo, Magamba, kule Lushoto, mwaka 1963. Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu. Wanafunzi walikuwa na kawaida ya kutengeneza aiskrimu: unachemsha maziwa, unatia sukari, unasubiri yapoe, unaweka kwenye friji. Nafasi kwenye friji ilikuwa ndogo na wenye hamu walikuwa wengi. Siku moja mwenzake akachanganya sukari na maziwa bila hata kuyachemsha ili awahi. Mpemba, aliyekuwa ameshachemsha ya kwake, akaona akisubiri yapoe atakosa nafasi. Akayatia ya moto vilevile. Baada ya saa moja na nusu wakaenda kuangalia: ya Mpemba yameganda, ya mwenzake bado ni uji mzito.

Akamuuliza mwalimu wa fizikia. Jibu alilopewa ni kwamba alichanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani.

Angeweza kuishia hapo. Lakini likizo ilipofika alimkuta rafiki yake Tanga anayeuza aiskrimu, naye akamwambia kwamba huwa anaweka mchanganyiko ukiwa wa moto, unawahi kuganda. Basi swali likabaki naye. Alipofaulu na kuja Mkwawa kidato cha tano akaliuliza tena, na mwalimu akaishia kusema hiyo ni fizikia ya Mpemba, siyo fizikia ya ulimwengu. Darasa likapata msemo. Kila Mpemba alipokosea hesabu waliambizana kuwa hiyo ni hesabu ya Mpemba.

Nikiri kitu. Mimi pia niliwahi kuuliza swali darasani, shule nyingine kabisa, miaka mingi baadaye, nikachekwa. Wala silikumbuki swali lenyewe. Nakumbuka kicheko, na nakumbuka kwamba muhula ule sikunyoosha mkono tena. Ndiyo maana kinachonishangaza kwa Mpemba sio maziwa. Ni kwamba alinyoosha mkono mara ya tatu, na safari hii mbele ya mgeni.

Mgeni alikuwa Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliyekuja Mkwawa kuzungumza na wanafunzi. Mpemba akasimama: ukichukua maji ya nyuzi 35 na mengine ya nyuzi 100, kwa ujazo uleule, ukayaweka kwenye friji, yale ya 100 yanatangulia kuganda, kwa nini? Wenzake waliona aibu. Osborne akataka kuhakikisha kama kweli amelijaribu, kisha akakiri kwamba hajui, na akaahidi kulijaribu akirudi Dar.

Alikwenda, akampa kazi fundi wa maabara. Fundi akarudi na taarifa kwamba maji ya moto ndiyo yaliyotangulia, akaongeza kwa nia njema kabisa kwamba watarudia jaribio mpaka wapate jibu sahihi. Nikikumbuka sehemu hii huwa nacheka peke yangu. Mwaka 1969 Mpemba na Osborne walichapisha makala pamoja katika jarida la Physics Education, na sehemu ya kwanza ni Mpemba mwenyewe anasimulia, friji na kicheko na yote.

Turudi Zohali. William Herschel aliuona Enceladus tarehe 28 Agosti 1789, nukta tu karibu na mwanga wa pete. Kwa karibu miaka 200 ukabaki nukta. Voyager 2 ilipopita mwaka 1981 ikaleta picha zenye fumbo: sehemu fulani zimejaa mashimo ya vimondo, kama unavyotegemea kwa kitu cha kale, na sehemu nyingine ni laini, kana kwamba kuna mtu alipita akapiga pasi. Halafu weupe wake. Enceladus unarudisha karibu mwanga wote unaoupiga, na ndiyo sababu mojawapo ya baridi yake kuwa kali hivyo.

Sasa, kila mama mwenye nyumba anajua kwamba chai ya kikombe inapoa kabla ya chai ya sufuria. Miezi ni hivyohivyo. Kitu chenye upana wa kilometa 500 kilitakiwa kiwe kimepoa mpaka ndani mabilioni ya miaka iliyopita. Wapo waliohisi kuna kinachoendelea, maana Enceladus unazunguka ndani ya pete moja pana na hafifu sana, na pete hiyo lazima inalishwa na kitu. Lakini hisia sio ushahidi.

Ushahidi ulianza kama kasoro ndogo kwenye grafu. Mwanzoni mwa 2005 chombo cha Cassini kiliupita Enceladus kwa mbali, na kipima-sumaku chake kikaonyesha kwamba nguvu ya sumaku ya Zohali inapinda ikikaribia mwezi huo, kama mto unavyopinda ukikuta mwamba. Mwezi usio na hewa haukupaswa kufanya hivyo. Kiongozi wa kipimo hicho alikuwa Michele Dougherty, mwanamke aliyekulia Afrika Kusini, ambaye alipokuwa na miaka kumi baba yake alijenga darubini nyumbani. Yeye na wenzake wakaenda kuomba jambo zito: ziara inayofuata chombo kishushwe karibu zaidi. Ukikosea kwenye jambo kama hilo, umepoteza nafasi ya watu wengine wote wenye vipimo vyao ndani ya chombo.

Wakakubaliwa. Tarehe 14 Julai 2005 Cassini ikapita kilometa 173 tu juu ya barafu. Zile nyufa nne, kila moja ikiwa na urefu wa kilometa 130 hivi, zilikutwa na joto kuliko sehemu zote zinazozizunguka, na juu yake kuna mvuke wa maji. Picha za Novemba zilionyesha michirizi yenyewe, jua likiwa nyuma yake, inarushwa angani kama maji ya bomba lililopasuka. Baghdad inatoa maji. Mengine huganda papo hapo na kurudi chini kama theluji, ndiyo weupe ule. Yanayobaki yanakwenda kulisha ile pete.

Joto linatoka kwenye kuminywa. Enceladus unamaliza mzunguko mmoja kwa saa 33 hivi, na kila mwezi mwenzake Dione ukizunguka mara moja, wenyewe umezunguka mara mbili, kwa hiyo njia yake haipati nafasi ya kuwa duara kamili. Zohali anauvuta zaidi, anauachia kidogo, anauvuta tena. Chukua kipande cha waya ukikunje na kukikunjua haraka haraka, utaona vidole vinavyoungua.

Mwaka 2015 uchambuzi wa chembe ndogo za silika zilizotoka huko ulionyesha kwamba chini ya bahari kuna mahali maji yanafika nyuzi 90 au zaidi. Nyuzi 90! Hayo ni karibu kabisa na yale ya swali la Mpemba. Sisemi kwamba Enceladus unathibitisha chochote kuhusu friji ya Magamba. Maji yakitoka mahali pasipo na hewa yanaganda hata yakiwa baridi. Na hoja ya Mpemba yenyewe haijatulia. Mwaka 2016 watafiti wa Uingereza walirudia majaribio kwa uangalifu na kusema hawauoni ushahidi wa kutosha, wengine wanawapinga mpaka leo. Mimi sina upande. Ila kubishana kwa vipimo ni heshima ambayo Mkwawa ile, kabla Osborne hajafika, haikumpa.

Dougherty alikuwa na grafu, cheo, na meza ya kukalia na waamuzi. Mpemba alikuwa na birika la maziwa. Umbali uliowatenganisha na neno "hebu tuone" haukuwa sawa hata kidogo, na nilipokuwa nikipita chini ya miti ya Mkwawa nilijikuta nahesabu ni wangapi walikaa kimya katika madarasa yale, kwa sababu mgeni wao hakuja.

Cassini iliteketezwa kwa makusudi ndani ya hewa ya Zohali tarehe 15 Septemba 2017, ili siku moja isije ikaanguka na kuchafua bahari ile. Mwaka 2024 wataalamu wa shirika la anga la Ulaya walipendekeza chombo kingine kiende, safari hii kitue kwenye barafu yenyewe. Kikifika itakuwa miaka ya 2050. Nitakuwa na miaka sitini na kitu, pengine niko Mbeya nimejifunika blanketi, nasubiri taarifa kutoka Baghdad.