Sheikh Hemedi na Hati Tusiyoisoma

Maandiko mengi ya Kisanskriti yaliyopotea India yamesalia katika tafsiri za Kitibeti. Ndiyo maana mtaalamu wake hujifunza lugha zote mbili.

Tanga nasi tuna hazina yetu. Sheikh Hemedi bin Abdallah el-Buhriy alitunga utenzi wa vita vya Wadachi kuitamalaki Mrima, vita vilivyomfikisha Abushiri kitanzini Pangani, Desemba 1889. Aliuandika kwa Kiswahili, kwa hati ya Kiarabu. Mwingereza J.W.T. Allen akauhariri kwa herufi za Kirumi na kuutafsiri.

Leo twamsoma Hemedi kupitia kwa Allen. Tumshukuru Allen, lakini mwanahistoria wa Mrima asiyeijua hati ya Mrima atabaki mgeni nyumbani kwake. Vyuo vyetu viifundishe.