Willy Gamba

Willy Gamba ni mpelelezi wa kubuni wa Tanzania, shujaa wa riwaya za Aristablus Elvis Musiba. Alianza kujulikana katika Kufa na Kupona (1974), kikafuatia Kikosi cha Kisasi (1979), kisha Njama na Hofu.

Kazi ya Gamba haitenganishwi na ukombozi wa kusini mwa Afrika. Tangu 1963 Dar es Salaam ilikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU), na jiji lilijaa wapigania uhuru. Kwa msomaji wa enzi hizo, majasusi wa Makaburu wa Afrika Kusini hawakuwa hadithi tupu. Ndiyo maana nyaraka za wapigania uhuru zinapoibwa katika Kufa na Kupona, Gamba anazifuata hadi Nairobi, na moyo wa msomaji unakimbia naye. Kikosi cha Kisasi kinampeleka Kinshasa.

Mapenzi nayo yamo tele katika riwaya hizi.

Gamba hupenda mavazi nadhifu na wanawake warembo, lakini utamu halisi uko kwenye shaka: anayemkumbatia usiku huenda ndiye aliyetumwa kummaliza. Hapo Musiba ni fundi kwelikweli, na hapo msomaji hufunua ukurasa mwingine ingawa kumekaribia kucha.