Tarehe ya Chama cha Historia cha Kenya

Husemwa kwamba historia ya Afrika Mashariki ilianza kuandikwa upya Dar es Salaam, kwa mkono wa wanahistoria Ranger, kisha Kimambo na Temu. Hatuwanyang'anyi sifa yao. Ila na ya Nairobi isizikwe.

Mwenye Chama cha Historia cha Kenya alikuwa Bethwell Allan Ogot, mwana wa Gem, aliyezaliwa 1929. Alipita Maseno na Makerere, akavuka bahari hadi St Andrews na London. Enzi hizo wasomi wengi wa Ulaya walishikilia kwamba pasipo karatasi hapana historia. Ogot hakubishana nao sana: alikaa na jodongo, yaani wazee wa Kiluo, akaandika nasaba ukoo kwa ukoo, akapima miaka kwa vizazi. Kitabu chake cha Waluo wa kusini kikatoka 1967.

Na jodongo hao si wa kudharauliwa. Ramogi Ajwang', babu wa Waluo, wasema, alitoka kaskazini akapanda kilima cha Got Ramogi kule Yimbo, ziwa liko chini yake, na hapo uzao ukaenea. Mzee mwenye kichwa kizuri hukupandishia baba kwa baba hadi kwa Ramogi bila kukwama. Kilima kipo, na waganga bado huchuma dawa katika msitu wake. Asiyeamini aende Yimbo.

Turudi chamani. Mkutano wa mwaka 1967 ndio uliozaa Hadith ya kwanza, kitabu cha mada za mkutano huo, iliyohaririwa na Ogot na kuchapishwa Nairobi 1968 na East African Publishing House, nyingine zikafuata. Wanahistoria wenzake nao waliandika historia: Were ya Abaluyia, Muriuki ya Wakikuyu, Salim ya pwani.

Ugomvi mkubwa ulikuwa Mau Mau. Katika Hadith ya nne, 1972, Ogot aliwaandika wale waliosimama upande wa serikali ya kikoloni, jambo ambalo wengi hawakupenda hata kulisikia. Mwaka 1977 jarida la chama, Kenya Historical Review, likampa nafasi Maina wa Kinyatti, aliyeiona Mau Mau kuwa kilele cha siasa ya Waafrika chini ya mkoloni. Miaka mitano baadaye Maina alitiwa ndani, akafungwa miaka sita. Chama kilichapisha pande zote mbili; wanaosema kilikuwa cha upande mmoja, basi, hawajafungua vitabu vyake.

Ogot alifariki Januari 2025. Mwenye Hadith nzee sandukuni asizifungie karanga, azipeleke maktaba.