Likizo ya mahema na watoto, sehemu ya 3: Rosterman

Mama, sehemu ya pili niliwaacha ndani ya hema pale Buyangu, msitu wa Kakamega, watoto wakigombania tochi. Asubuhi mvua ikagoma kuisha. Basi tukapanda gari hadi Rosterman, nje kidogo ya mji wa Kakamega, kuona mahali palipochimbwa dhahabu enzi za mkoloni.

Dhahabu ilipatikana huku 1931. Bei ya mahindi ilikuwa imeanguka, na walowezi wa Uasin Gishu walikuwa na madeni, kwa hivyo walikuja mbio na kulala kwenye mahema. Watoto wangu walicheka hapo: "Kama sisi!" Si kama sisi, nikawaambia. Sisi tumelipia pa kulala.

Kwa sababu yale yalikuwa mashamba ya watu. Mwaka 1930 serikali ilikuwa imepitisha sheria kwamba ardhi ya hifadhi za Waafrika ni yao milele, na kipande kikichukuliwa, wapewe kingine cha thamani sawa. Dhahabu ikaonekana. Desemba 1932 sheria ikabadilishwa: utalipwa pesa tu, na baraza la wenyeji si lazima liulizwe. Yaani milele ilidumu miaka miwili, muda uleule tunaokuambia kliniki unyonyeshe mtoto.

Mgodi wa Rosterman ulifungwa 1952. Kampuni ikaenda zake, mashimo yakabaki, na watu wakaendelea kuchimba wenyewe. Wengi wanaoponda mawe ni akina mama. Tulimkuta mmoja ameketi na nyundo, mtoto mgongoni, vumbi hadi kwenye kope. Binti yangu aliuliza, "Mama, hiyo dhahabu ni yake?" Nilikosa la kusema.

Ninaloweza kusema ni hili. Zebaki inayokamata dhahabu huchomwa ili ipae, na mvuke wake hauna harufu. Unaingia mapafuni, unapita kondo la nyuma, unafika kwenye ubongo wa mtoto aliye tumboni. Usichome jikoni. Usitumie sufuria ya chakula, hata ukiisugua vipi. Nguo za kazi zifuliwe kando na nepi.

Na kama una mimba na unafanya kazi hii, mwambie nesi siku ya kwanza ya kliniki. Wengi huficha wakidhani tutawagombeza. Mimi sitakugombeza, mama. Nataka tu iandikwe kwenye kijitabu chako.